Mtoto aliyenyooshwa miguu mwaka mzima: uchambuzi wa kisa

Mtoto wa kike, miaka 2 na mwezi mmoja, ana mtindio wa ubongo. Kabla ya kuletwa kwangu alikuwa amefanyiwa mazoezi ya viungo kwa zaidi ya mwaka bila kukosa kliniki. Mama na bibi walikuja na faili nene na swali moja: mbona bado hatembei?

Nianze na alikotoka, kwa sababu kila kilichofuata kinategemea hapo. Alizaliwa njiti, wiki ya 30 ya ujauzito, akasaidiwa kupumua siku za mwanzo. Ultrasaundi ya kichwa ilionyesha madoa pembeni mwa vyumba vya maji vya ubongo. Kwa mtoto anayezaliwa mapema hivyo, eneo jeupe linalozunguka vyumba hivyo ndilo legelege kuliko yote: damu ikipungua au maambukizi yakiingia, hapo ndipo panapoumia. Nyuzi za neva zinazoshuka kwenda miguuni hupita jirani kabisa na vyumba vya maji, za mikono hupita mbali kidogo, za uso mbali zaidi. Jeraha dogo la hapo hugonga miguu kwanza. Ndiyo maana binti huyu alikuwa anaokota shanga kwa ncha za vidole, anaunganisha maneno mawili mawili, anamcheka kaka yake, na bado akisimamishwa mapaja yanabanana na visigino havigusi sakafu.

Jeraha lenyewe haliongezeki. Wazazi huambiwa hivyo, na ni kweli. Kisichosemwa sana ni kwamba mwili uliolibeba unaendelea kukua: mifupa inarefuka, misuli inayokaza haiifuati kwa kasi ileile, na viungo vinaanza kuvutwa upande mmoja. Hapo ndipo penye kazi ya mtaalamu wa viungo, na ndipo familia nyingi hupotezewa muda.

Ratiba yake ya awali ilikuwa hivi. Mara 3 kwa wiki alilazwa chali kwenye godoro, akakunjwa na kukunjuliwa magoti, akatanuliwa mapaja, akasukumwa nyayo zielekee juu, kila kiungo kikishikiliwa karibu nusu dakika. Alilia mwanzo hadi mwisho. Nyumbani mama alirudia yaleyale asubuhi na jioni. Sina shaka waliomhudumia walikuwa na nia njema, na kazi hiyo inachosha mikono kweli kweli. Ila katika ratiba yote hiyo mtoto mwenyewe hakuwa na la kufanya. Alikuwa anafanyiwa.

Siku ya kwanza sikumlaza popote. Nilimwomba mama amweke chini kwenye mkeka, kaka yake akae karibu na vichezeo, nasi watu wazima tukae pembeni bila kumwita wala kumpangia. Mtoto huyo alijipeleka kwa magoti na mikono, miguu yote miwili ikiruka pamoja badala ya kupokezana. Alipofika alikaa katikati ya miguu yake, magoti mbele, nyayo zimetoka nje pembeni. Kaka akapandisha gari lake la kuchezea juu ya kochi. Binti akashika ukingo wa kochi, akajivuta kwa mikono, miguu ikaburuzwa nyuma kama mizigo tu, akasimama kwa vidole kwa muda wa kusema neno moja, akadondoka. Akarudia. Akadondoka tena. Mama alikuwa tayari amenyanyuka kwenda kumwinua, nikamwomba asubiri. Mara ya tatu alilipata gari.

Dakika hizo kwenye mkeka zilinieleza mengi kuliko faili. Anajua anachokitaka, mikono ina nguvu, na miguu haijawahi kufundishwa kusukuma. Amezoea kujivuta.

Ndipo nikapima. Kipimo kilichonisaidia zaidi ni kile cha kusogeza kiungo kwa mwendo wa aina mbili. Nikiwa nimelinyoosha goti na kuupandisha unyayo polepole, ulipita pembe mraba kwa nyuzi 10. Nilipousukuma kwa kasi, uligoma nyuzi 15 kabla ya kufika pembe mraba. Ni mkanda wa gari ule: ukiuvuta taratibu unakuja, ukiukurupusha unajifunga. Tofauti ya nyuzi 25 kati ya mwendo wa taratibu na wa kasi maana yake ni kwamba misuli ya shavu la mguu bado ina urefu wa kutosha. Kinachouzuia mguu ni amri mbovu zinazotoka ubongoni. Mwaka mzima alikuwa anarefushwa misuli ambayo haikuwa imefupika. Mahali pamoja tu hali ilikuwa tofauti: paja la kushoto lilitanuka nyuzi 30 hata kwa mwendo wa polepole, wakati la kulia lilifika 45. Hapo palikuwa na ufupi halisi. Tutaparudia.

Bibi alikataa, na hoja yake ilikuwa na akili. "Daktari, pengine misuli haijafupika kwa sababu tumeinyoosha." Kwa mtoto mmoja huwezi kuthibitisha wala kukanusha. Kwa wengi inawezekana. Mwaka 2017 shirika la Cochrane, linalopitia na kupima tafiti za tiba, lilikusanya majaribio ya kunyoosha viungo kwa watu wenye maradhi ya neva, na likakuta kwamba kunyoosha kwa miezi isiyofika 7 hakubadilishi kujikunja kwa kiungo kwa kiasi ambacho mgonjwa atakiona maishani mwake. Nusu dakika ya kuvuta haiwezi kushindana na saa zote zilizobaki za siku ambazo mguu umekaa umekunjwa. Kama kuna kinachoweza kuleta tofauti ni mkao wa muda mrefu, na huo hupatikana kwa splinti (kifaa kigumu kinachoshikilia kiungo), kwa plasta ya kubadilishwa kila baada ya muda, au kwa fremu ya kusimamia, na hata hivyo kwa mtoto anayeihitaji.

Swali la familia lilibaki palepale: atatembea? Dalili ya zamani na ya kuaminika ni kukaa. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayeweza kukaa chini bila kushikwa kabla ya kufikisha miaka 2 ana nafasi nzuri ya kutembea kwa namna fulani, akiwa na kifaa au bila. Huyu alianza kukaa akiwa na miezi 20 hivi, tena ukitoa wiki 10 alizowahi kuzaliwa ni mapema zaidi ya hapo. Kisha kuna mfumo wa ngazi 5 uitwao GMFCS, uliotungwa Kanada na kuchapishwa mwaka 1997, unaopanga watoto kwa kile wanachoweza kufanya wenyewe kila siku: ngazi ya kwanza wanatembea bila kizuizi kikubwa, ya 5 wanasukumwa kwenye kiti kila mahali. Nilimweka ngazi ya 3, nikaandika kwamba ipitiwe tena akitimiza miaka 2 ya umri uliorekebishwa, yaani ukishaondoa wiki hizo 10, maana chini ya umri huo watoto wengi huhamishwa ngazi moja. Ngazi ya 3 maana yake ni kutembea kwa kifaa cha kushika kwa mikono.

Niliwaeleza hivyohivyo, bila kuzungukazunguka. Baba, aliyekuja mara ya pili, hakufurahi. Alikuwa amesikia habari za chumba cha oksijeni yenye shinikizo na akataka kujua kama nao wampeleke. Hilo lina jibu linalojulikana: mwaka 2001 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la Kanada lililohusisha watoto 111 wenye mtindio wa ubongo. Kundi moja lilipewa oksijeni tupu kwa shinikizo kubwa, jingine hewa ya kawaida yenye shinikizo kidogo. Makundi yote mawili yaliendelea, na kwa kiwango kilekile. Kwa maoni yangu, mzazi anayetafuta mashine hakosi akili. Anatafuta kitu kikubwa kwa sababu tatizo ni kubwa, na mtu anapomwambia kwamba dawa ni kusimama kutoka kwenye stuli mara nyingi, anahisi amedharauliwa.

Kuna jambo jingine nililomwambia baba, na nadhani ndilo lililomshawishi. Mwaka 2002 watafiti wa Kanada waliotunga GMFCS walitoa chati zinazoonyesha jinsi uwezo wa kujimudu kimwili unavyopanda kwa kila ngazi. Kwa ngazi ya 3, mtoto wa wastani anakuwa amefika asilimia 90 ya uwezo wake wa juu akiwa na miaka 3 na miezi 8 hivi. Hiyo haina maana kwamba baada ya hapo hakuna anachojifunza, lakini miezi ya sasa ina uzito ambao miezi ya baadaye haitakuwa nao.

Kuweka malengo kulichukua muda kuliko nilivyopanga, na sikuharakisha. "Atembee" si lengo, ni tamaa. Huwezi kuamka asubuhi ukafanya mazoezi ya tamaa. Nikamuuliza mama: katika siku yako, ni wakati gani hali hii inakulemea zaidi? Hakutaja kutembea hata kidogo. Alisema kila mtoto anapotaka kitu kilicho juu ya sakafu, lazima aitwe yeye. Baba akasema angependa mtoto aende sebuleni mwenyewe. Mtoto, kwa vitendo vyake, alikuwa amekwisha kutuambia lake: vitu vya kaka.

Tukatoka na malengo matatu. La kwanza, ainuke kutoka stuli ndogo hadi kusimama kwenye kochi bila kushikwa, visigino vikiwa chini. La pili, akae kwenye stuli mikono yote ikiwa huru, atoe mkono kwenye mkono wa shati mwenyewe. La tatu, aende kutoka chumba cha kulala hadi sebuleni kwa fremu ya magurudumu, ile inayokaa nyuma ya mtoto ili asiiegemee kwa kifua. Kila lengo tuliliandikia hatua 5, kuanzia pale alipo hadi zaidi ya tunavyotegemea, ili baadaye tusibishane kama amepiga hatua au la. Utaratibu huo wa kupima malengo ni wa mwaka 1968, ulianzia kwenye huduma za afya ya akili, na bado sijaona unaouzidi kwa urahisi.

Lengo la kwanza ndilo lililobeba tiba yote, kwa hiyo nitalieleza kwa undani.

Kuinuka kutoka kwenye kiti ni tendo la miguu, na mtoto huyu alikuwa amelifanya kuwa la mikono. Tulianza na stuli ya juu, kiasi kwamba nyonga zilikuwa juu ya magoti, kwa sababu kadiri kiti kinavyokuwa juu ndivyo miguu inavyodaiwa nguvu kidogo. Nyayo ziliwekwa bapa sakafuni, zimerudi nyuma kidogo ya magoti, zimetengana upana wa nyonga. Kichezeo hakikuwekwa juu ya kochi, maana angejivuta. Kiliwekwa mbele yake usawa wa kifua, mbali kidogo na mkono. Ili akifikie ilimbidi apeleke kifua mbele hadi pua ipite vidole vya miguu. Hapo ndipo makalio yananyanyuka yenyewe. Mara za mwanzo mkono wangu ulikuwa juu ya goti, ukisukuma chini kuelekea kisigino ili unyayo ukumbuke sakafu. Baadaye kidole kimoja tu. Baadaye hakuna mkono.

Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa ya watu wazima. Mtoto wa namna hii anachelewa kuanza tendo. Ubongo unapanga, misuli inabishana, sekunde zinapita. Mama anaona amekwama na mkono wake unakwenda wenyewe. Tulikubaliana ahesabu kimoyomoyo hadi 10 kabla ya kusaidia, na akisaidia asaidie kipande kile tu kilichokwama. Akidondoka kwenye mkeka, amedondoka. Anayedakwa kila mara hajui mahali mwili unapoanza kupoteza mizani.

Sikuwapa saa ya mazoezi nyumbani. Niliwapa matukio: kuvaa, kupiga mswaki, kuoga, kuchagua kitabu, kupanda kwenye kochi la kaka. Kila tukio lina kuinuka ndani yake, na matukio ya namna hiyo katika siku ya mtoto ni mengi. Stuli ilihama naye chumba hadi chumba. Aliposhinda urefu mmoja, tuliishusha kwa kuondoa ubao mmoja chini yake.

Wiki za mwanzo bibi hakuridhika. Alikuwa anakaa pembeni ananitazama nikiwa nimekunja mikono, mjukuu anahangaika na stuli. Mwisho akasema, "Daktari, samahani, lakini leo hujamfanyia kitu."

"Bibi, ameinuka mara ngapi mwenyewe?"

"Sikuhesabu. Nyingi."

"Na amelia?"

Hakujibu, ila safari iliyofuata ndiye aliyekuwa akimkataza mama kunyanyuka. Nadhani ugumu wa mbinu hii unakaa hapo hasa. Mtaalamu anayevuta miguu anaonekana anafanya kazi. Anayepanga chumba vizuri kisha akasubiri anaonekana mvivu. Wapo wenzangu wanaoendelea kuvuta kwa sababu hiyo tu, na siwezi kuwalaumu sana wakati familia imelazimika kusafiri kuja.

Splinti za plastiki zinazoshika kifundo alizipata mwezi wa 3 wa tiba. Alizivaa wakati wa kusimama na kutembea, akazivua akiwa anatambaa, kwa kuwa zinazuia kupiga magoti vizuri. Sindano ya botulinamu kwenye misuli ya shavu la mguu ilijadiliwa na daktari wa watoto. Tuliiahirisha. Inalegeza misuli kwa miezi 3 au zaidi kidogo, na ina thamani ikiwa kuna kitu cha kufundisha ndani ya dirisha hilo. Yeye alikuwa anaendelea bila hiyo. Katikati ya mwaka aliugua kifua, akalala wiki mbili, na tukarudi kwenye stuli ya juu. Alirejea alipokuwa baada ya muda si mrefu, lakini mama alikata tamaa vibaya siku zile, na kliniki moja nzima tuliitumia kuzungumza naye tu.

Baada ya mwaka, alama zake kwenye kipimo cha GMFM-66, kinachopima kulala, kukaa, kutambaa, kusimama na kutembea, zilipanda kutoka 38 hadi 47. Sitaki kuzipamba: mtoto wa ngazi ya 3 katika umri huu angepanda kwa sehemu hata bila mimi. Malengo ndiyo yanayosema zaidi, kwa kuwa yalilenga mambo ambayo hayakuwa yanajitokeza yenyewe. Anainuka kutoka stuli ya kawaida ya watoto bila kushika, visigino chini mara nyingi, si mara zote. Anavua shati, kulivaa bado. Anatoka chumba cha kulala hadi sebuleni kwa fremu na anakwama kwenye kona ya mlango, pale magurudumu yanapotaka kugeuzwa. Ngazi yake ilipitiwa upya na ikabaki 3. Baba alinyamaza kidogo aliposikia, halafu akauliza kama kuna fremu ya kutumia nje, kwenye ardhi isiyo sawa. Ipo, yenye magurudumu makubwa.

Sasa lile paja la kushoto.

Picha ya eksirei ya nyonga ilipigwa mwezi wa kwanza wa tiba, ingawa mtoto hakuwa na maumivu yoyote. Hili huombwa kwa kila mtoto mwenye mtindio wa ubongo kadiri ya ngazi yake, na ni jambo ninalolisisitiza kuliko zoezi lolote. Utafiti wa Victoria, Australia, uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta nyonga zikitoka mahali pake kwa asilimia 35 ya watoto wote wenye hali hii: ngazi ya kwanza hakuna hata mmoja, ngazi ya 3 asilimia 41, ngazi ya 5 asilimia 90. Nyonga hutoka kimyakimya. Uchungu unapoanza, mara nyingi muda wa upasuaji mdogo umekwisha. Kusini mwa Uswidi walianza mwaka 1994 kuwafuatilia watoto hawa wote kwa ratiba, na nyonga kutenguka kabisa kukawa jambo la nadra.

Kinachopimwa ni sehemu ya kichwa cha mfupa wa paja iliyotoka nje ya paa la kikombe chake. Kulia ilikuwa asilimia 18, kushoto 26. Miezi 6 baadaye kushoto ikawa 29. Mwisho wa mwaka ikawa 35, wakati kulia imebaki 20. Ikivuka 30 mtoto huonwa na daktari bingwa wa mifupa, naye akaonwa.

Mama hakuelewa, na kusema kweli ni jambo gumu kumeza. "Si ndiyo anasimama sasa? Wala haumwi." Nikamweleza kwamba mambo mawili yanakwenda pamoja na hayafutani. Amejifunza kusukuma kwa miguu, na wakati huohuo misuli ya ndani ya paja la kushoto inaendelea kuuvuta mfupa kutoka kwenye kikombe. Mazoezi yake hayakuusababisha mvuto huo, wala hakuna zoezi linaloweza kuurudisha mfupa huo ndani. Fremu ya kusimamia inayotenganisha miguu imeongezwa kwenye siku yake, saa moja kwa siku, mbele ya meza ya kuchorea. Daktari wa mifupa ameamua kusubiri na kupiga picha nyingine baada ya miezi 6. Ikifika 40 atafanyiwa upasuaji, na kwa jinsi namba zilivyopanda hadi sasa nimewashauri wazazi waanze kujiandaa kana kwamba utafanyika: nani atabaki na kaka, wiki za plasta zitapitaje, na stuli itarudi lini.